KITAMBAA KWENYE MLANGO WA MASOMO



Hapa Kalemie wengi wetu tuliwaona askari wa Indonesia, kabla MONUSCO haijafunga kazi yake ya Tanganyika katika mwaka 2022. Tulifikiri kwao watu wote ni Waislamu. Sivyo. Waislamu ndio wengi zaidi, lakini Wakristo nao wako kwa mamilioni, na kisiwa cha Bali kina Wahindu. Misingi mitano ya inchi yao, Pancasila ya 1945, inataja Mungu mmoja bila kuchagua dini moja.

Sasa musikie habari ya wasichana wa kule. Katika 1982 serikali ya Suharto ilitoa amri juu ya nguo za masomo ya Leta, na kitambaa cha kichwa cha Waislamu hakikupata nafasi ndani yake. Wasichana waliokataa kukivua walifukuzwa. Ruhusa ilitoka katika 1991 tu. Kiisha Suharto akaanguka katika 1998, na miji ikapata uwezo wa kujitungia amri. Katika Padang, mji wa Sumatra ya mangaribi, mkubwa wa mji akaamuru katika 2005 wasichana Waislamu wavae kitambaa kwenye masomo. Zamani kuvaa kulikuwa kosa, sasa kutovaa!

Katika Januari 2021 baba mmoja Mkristo akaitwa kwenye masomo ya ufundi ya Leta sababu binti yake hakuvaa. Maongezi yakarekodiwa kwa video, inchi nzima ikayasikia, na mkuu wa masomo akaomba musamaha. Mwezi uliofuata mawaziri watatu wakaandika: masomo ya Leta yasilazimishe kitambaa wala yasikikataze. Amri hiyo ilitupendeza sana. Lakini baraza la wazee wa desturi za Minangkabau likapeleka shauri, na katika Mei 2021 Korti Kubwa ikaifuta.

Tulipozungumza habari hii kwenye dortuari, tulipiga kelele: wale watu wanamsumbua mtoto wa Kikristo! Ndipo mmoja wa mwaka wa tano akauliza pole pole: na ninyi makapita, asubuhi munafanya nini kwenye mlango?

Tulinyamaza. Ni sisi tunaomwambia kila binti Mwislamu avue kitambaa na kukificha ndani ya mfuko wa vitabu. Mmoja hugeukia ukuta kwanza, ndipo anavua. Wawili hawakurudi kiisha Pasaka. Ilikuwa juu ya kitambaa ao juu ya feza? Hatujui, maana hatukuwauliza.

Tunajua jibu la wengi: haya ni masomo ya Kanisa, na wazazi walitia sahihi kwenye sheria zake. Ni kweli. Lakini kwa mkataba wa 1977 kati ya Leta na makanisa, masomo yetu ni ya Leta pia, na waalimu wetu hulipwa na Leta, yaani kwa kodi ya baba wa wale wasichana vilevile. Bluu na nyeupe inaonekana vizuri hata chini ya kitambaa. (Bwana Prefe akisoma hapa, atuvumilie kidogo.)

Siku ya kwanza tutampelekea barua, tukiomba makapita waondolewe kazi hiyo ya mlangoni. Anayetaka kutia sahihi atukute biblioteki saa ya mapumziko. Na mchana wa Posho tutaenda kwa wale wawili, kuwauliza.

Kapita Mkuu, kwa jina la makapita wa mwaka wa sita