Baraza la wastaafu
Mazungumzo ya wastaafu wa Moa, kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, hunoga barazani baada ya sala ya alasiri, kwa kahawa chungu na kashata. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Mvuvi hana barua ya kustaafu, magoti na macho ndiyo yanayomwachisha kazi. Mada ya kwanza ni afya: nani kapunguziwa chumvi, nani kakatazwa sukari na bado anaitupia jicho kashata. Hufuata bamvua, bei ya samaki, pensheni na wajukuu. Utani hauna mpaka: anayejipunguzia umri husahihishwa papo hapo na waliosoma naye chuoni.