Hiyo Seva Yako ya Stoo Si Kituo cha Data, Bosi

Wacha niseme kabla sijapoa. Mwenye hoteli Diani anayeweka hesabu zote za biashara kwenye mashine moja, ndani ya stoo, karibu na ndoo za rangi, halafu anasema "data yetu iko salama, tunaiona kwa macho," anajidanganya. Na ikianguka, hataumia peke yake.

Najua wanaonijua mtaanza: "Huyu si aliacha chuo?" Ndiyo, niliacha, karo ilinishinda. Lakini seva ikiungua haimuulizi mtu cheti.

Kisa chenyewe ni hiki. Hoteli moja barabara ya ufuoni, siitaji, ilinipa kazi ya siku kumi kurekebisha waifai na kompyuta za mapokezi. Seva yao ilikuwa stoo. Humo ndani mlikuwa na kila kitu: bukingi, nakala za pasipoti za wageni, hesabu za baa, na rejista ya vibarua, nani alifanya kazi siku gani. Bakapu ipo, wakaniambia kwa fahari. Kwenda kuiona, ni diski ya nje imelazwa juu ya seva ileile, imechomekwa ukuta uleule. Paswadi imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele.

Niliona. Nikamwambia meneja mara moja, akasema "tutaangalia", nikanyamaza. Nilitaka malipo yangu niende. Hilo ni kosa langu, sitalificha.

Wiki chache baadaye stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Watu wa Ukunda mnaijua hiyo. Seva na diski yake vikafa pamoja. Wageni walipata vyumba vyao, maana kila mmoja alikuwa na uthibitisho kwenye barua pepe yake. Walioumia ni vibarua. Mwisho wa mwezi rejista hakuna, ofisi ikalipa kwa kukisia. Mtu amefanya siku 22, analipwa 15, na hana pa kushika.

Isipokuwa mama mmoja wa Msambweni, wa jikoni. Kila jioni akifika nyumbani alikuwa anaandika siku yake nyuma ya daftari la mtoto wake wa shule. Akaja nalo, akalipwa zote. "Mwanangu," akaniambia, "hesabu yako usimwachie bosi peke yake."

Yule mama alikuwa na bakapu. Hoteli nzima haikuwa nayo.

Sasa tuelewane kituo cha data ni kitu gani. Ni jengo lenye njia zaidi ya moja ya umeme, jenereta inayojaribiwa mara kwa mara, ubaridi usiokatika, mitambo ya kuzima moto, askari mlangoni, na fundi aliye macho saa tisa usiku. Ng'ambo ya feri, Mombasa, iColo wana kituo ambapo unakodi nafasi na kuweka mashine yako mwenyewe. Ukitaka kumiliki mashine, miliki, lakini iweke pahali kama hapo. Stoo yenye upepo wa chumvi unaokula hadi bawaba za mlango si pahali.

Na kwa hoteli ya vyumba 30, au duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, hata hiyo ni kazi kubwa. Kwa wengi wenu jibu ni klaudi inayosimamiwa: unakodi huduma, wenyewe wanabadilisha diski zikifa, wanaziba mianya, wanatunza nakala. Wewe uza vyumba na saruji.

Najua mtakavyonijibu. Nimeyasikia yote.

"Intaneti ikikatika je?" Swali zuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Kenya nzima ikatambaa. Mimi mwenyewe video moja ilinichukua usiku kucha kupandisha. Lakini seva ya stoo ilikusaidia nini siku hiyo? Bukingi zako zinatoka mtandaoni, hata risiti za eTIMS zinahitaji mtandao. Dawa ni kuwa na laini mbili za kampuni tofauti, na kila jioni kuchapisha orodha ya wageni wa kesho. Karatasi moja tu.

"Klaudi inalipwa kwa dola." Kweli, na inauma. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, baadaye ikashuka hadi karibu 130. Kwa hiyo weka akiba kwenye bajeti. Lakini pigia hesabu na seva yako pia: betri, kiyoyozi, fundi wa kuitwa Mombasa, na siku ambayo huna rekodi hata moja. Hizo huziandiki popote ndiyo maana unaona ni bure.

"Mbona 37signals wa Marekani walitoka klaudi?" Walitangaza 2022, na kweli wameokoa pesa nyingi. Ila wana wahandisi wao wa kudumu, na mashine zao ziko kwenye vituo vya kitaalamu. Hawakuziweka chini ya ngazi. Ukiwa na bili ya mamilioni ya dola kama yao, njoo tuzungumze upya.

"Data yetu itakaa kwa wageni." Amazon wana vituo Cape Town tangu 2020, Microsoft walitangulia Afrika Kusini 2019. Ni mbali, sikatai, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti ya kupeleka data nje ya nchi. Yasome. Lakini sheria hiyohiyo inakuwajibisha wewe kwa zile pasipoti zilizo kwenye mashine yenye paswadi ya kubandikwa. Kuwa karibu na macho yako si ulinzi.

Na nyinyi mnaouza klaudi, msicheke. Tarehe 20 Oktoba 2025 Amazon wenyewe waliyumba, huduma kibao duniani zikalala kwa saa nyingi. Mkimwambia mzee wa Diani kwamba klaudi haianguki, mnamdanganya. Na mfanyakazi akifuta faili kwa makosa, klaudi inafuta vilevile, isipokuwa nakala imewekwa kando. Mwambieni hilo kabla hajatia sahihi.

Kwa hiyo bosi, leo usiku jiulize matatu. Stoo ikiungua, nakala yangu iko wapi nje ya jengo hili? Mara ya mwisho kuijaribu kama inafunguka ilikuwa lini? Na rekodi zikipotea, nani atakosa mshahara? Hilo la tatu ndilo huwa hamlijibu, kwa sababu si nyinyi mnaokosa.

Na wewe kibarua unayesoma hii ukingoja matatu ya kwenda Msambweni: usingoje bosi ahamie klaudi. Nunua daftari.