Simu Yako Imeng'ang'ania Wi-Fi ya Mbali, Wewe Umelipa Mara Mbili

Jioni moja kijana wa boda aliniletea mtungi wa gesi. Nilikuwa chumba cha nyuma, nikafungua programu ya malipo, nikaweka kiasi, nikaweka PIN, nikabonyeza tuma. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee. Kijana anapiga honi langoni. Nikarudi nyuma, nikatuma tena. Nilipofika sebuleni meseji mbili zikaingia kwa mpigo: gesi moja, malipo mawili. Muuzaji alinirudishia siku ya tatu, baada ya kumpigia mara nne.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, kwenye korido, kuna ekstenda niliyonunua kwa kazi hiyo hiyo ya kuongeza mawimbi. Simu haikuiangalia. Ilibaki imeshika rauta ya sebuleni, kuta mbili mbali.

Wengi hudhani rauta ndiyo huamua simu ijiunge wapi. Sivyo. Kwenye Wi-Fi, simu yenyewe ndiyo huamua kuhama, na nyingi ni nzito kuhama. Apple, kwa mfano, imeeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka chini ya dBm -70, na haihami mpaka ipate kingine chenye nguvu zaidi kwa angalau desibeli 8 ikiwa inatumia data, au 12 ikiwa imetulia. Simu za kampuni nyingine zina vipimo vyao. Uzito huo una sababu: kuhama kunaweza kukata simu ya WhatsApp katikati, na kutafuta vituo kila saa kunakula betri. Lakini matokeo ni kwamba simu inabaki na mawimbi mabovu kwa sababu bado hayajawa mabovu ya kutosha.

Halafu vile vijistari vinadanganya. Vinaonyesha jinsi simu inavyoisikia rauta, si jinsi rauta inavyoisikia simu. Rauta iko kwenye umeme na mara nyingi ina sauti kubwa kuliko simu yako. Unaisikia vizuri, yenyewe inakusikia kwa shida. Na simu ikiona iko kwenye Wi-Fi, mara nyingi haigusi bando lako hata kama unalo.

Hapo ndipo pesa inaingia. Kiduara kikizunguka, huenda ombi lako limeshafika na limeshatekelezwa, jibu ndilo limepotelea njiani. Kwa hivyo usitume tena. Zima Wi-Fi, washa data, kisha angalia salio au taarifa ya miamala. Pia unaweza kutumia menyu ya laini, ile ya kubonyeza nyota na reli. Hiyo hupitia mtandao wa simu na haijali Wi-Fi ya nyumba yako. Mimi siku hizi nikilipa kitu cha maana nazima Wi-Fi kwanza. Ni shilingi chache za data.

Kwa upande wa nyumba, maoni yangu ni haya, na najua mafundi wengine watakataa: usikimbilie ekstenda ya pili. Kwanza toa rauta nyuma ya TV, iweke juu na katikati ya nyumba. Nyumba nyingi za vyumba viwili hazihitaji zaidi ya hapo. Kama ekstenda ni lazima, angalia jina lake. Zikiwa na majina mawili tofauti, simu huwa haiachi la kwanza mpaka likatike kabisa. Zipe jina moja na nenosiri moja. Kama rauta yako ina mipangilio ya 802.11k na 802.11v, iwashe, husaidia simu kujua vituo vya jirani, ingawa uamuzi wa mwisho unabaki kwa simu.

Na sisi tunaotengeneza programu za malipo hatujasafika. Kiduara kisichosema chochote ni mwaliko wa kubonyeza tena. Kingefaa kuandika wazi: "Ombi limepokelewa, subiri," au "Hatujapata ombi lako." Mteja aliye na mtu langoni hana muda wa kukisia.

Ekstenda yangu bado iko korido, ila sasa ina jina moja na rauta. Kijana wa gesi naye nikimpigia huniuliza kwanza kama niko sebuleni.