Hela ya Mjerumani shambani: usiisugue, na usimlipe dalali

Mkulima wa viazi Isongole akiokota kipande cha duara cha shaba kilichoota ukijani, kwa kawaida atapata ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni kukisugua kwa ndimu na majivu ili king'ae. Wa pili ni kumpigia simu dalali wa "rupia". Ushauri wote huo unaweza kumtia hasara. Ni vizuri kwanza kujua ameokota nini.

Ni sarafu gani?

Wakati Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg, sarafu za shaba zilizotumika zilikuwa za aina chache. Ya zamani ni pesa moja ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892. Ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na pesa 64 zilifanya rupia moja.

Mwaka 1904 ikaja heller, 100 kwa rupia. Heller moja ina taji, mwaka na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Upande wa pili ina tarakimu 1 na neno HELLER. Upana wake ni milimita 20 na uzito gramu 4. Ndiyo iliyotuachia neno "hela". Heller 5 za 1908 na 1909 ni kubwa zaidi, zenye gramu 20. Herufi ndogo huonyesha ilikotengenezwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora.

Yenye tundu katikati na maneno EAST AFRICA ni senti ya wakati wa Mwingereza. Kama sumaku inainasa, hiyo si shaba.

Ilifikaje huku?

Mwaka 1898 wakoloni walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Kuzipata, mtu aliuza mazao au alikwenda kufanya kazi ya ujira. Hivyo heller moja shambani ina maelezo rahisi: ilimdondoka mtu aliyekuwa akitoka sokoni au akienda kulipa kodi. Haina maana kwamba chini yake kuna sanduku.

Vipi kuhusu dhahabu?

Wako wanaosimulia kwamba Wajerumani walizika mali, wengine wakisema waliitupa Ziwa Ngozi. Tuangalie tarehe. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, na idadi yake ilikuwa kama 16,000 tu kwa koloni zima. Majeshi ya Uingereza kutoka Nyasaland yaliingia Neu Langenburg mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Wakati wa vita Wajerumani walikuwa na uhaba wa sarafu hata wakachapa noti za dharura. Serikali iliyokuwa ikilipa watu kwa karatasi haikuwa na masanduku ya dhahabu ya kuacha kila mlima.

Hapo ndipo tapeli anapopata riziki. Atakwambia rupia yako ina zebaki na "inavuta mchele", kisha aombe fedha ya kipimo, ya mganga au ya nauli ya mnunuzi. Shaba haivuti mchele, wala fedha haivuti. Mnunuzi wa kweli anakulipa wewe. Hakuombi umlipe kwanza. Tena heller moja zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo ya kawaida haimtajirishi mtu.

Isafishweje?

Ngozi ya kahawia au kijani iliyokaza juu ya shaba huilinda. Ndimu, siki, majivu, mchanga na waya wa kusugulia masufuria huiondoa pamoja na maandishi, na wakusanyaji huipunguzia bei sarafu iliyosuguliwa. Iloweke kwenye maji safi, ikiwezekana yaliyochemshwa na kukusanywa kutokana na mvuke, ukiyabadilisha kila siku. Udongo ukilainika, utoe kwa kijiti cha mti au mswaki laini bila kukandamiza. Ikaushe vizuri na uiweke kwenye karatasi kavu. Ukiona vidoa vya unga wa kijani kilichopauka vinavyorudi kila ukivifuta, itenge na nyingine na uiepushe na unyevu, kwani hiyo ni kutu inayoendelea kuila.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvichimbua kunahitaji leseni na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Heller ni changa kuliko hapo, na aliyeikuta akilima hajavunja sheria kwa sababu tu ameiokota. Lakini kuchimba kwenye majengo ya kale bila kibali ni jambo jingine, na kufukua kaburi kutafuta "mali ya Mjerumani" ni kosa la jinai.

Ukiipata, andika siku hiyohiyo: shamba gani, kina gani, tarehe gani, na ilikuwa na nini pembeni. Ipige picha pande zote mbili kabla hujaigusa kwa maji, kisha mwonyeshe afisa utamaduni wa wilaya. Ikiuzwa bila maelezo hayo, hakuna atakayeweza kusema tena kwamba ilitoka Isongole.