Wafu wa Bulingugwe Wana Koo Zao

Ndugu zangu wa Luzira, Port Bell, Butabika na Mutungo,

Januari 30, 1892, risasi za bunduki ya Maxim zilivuka maji ya ghuba hii tunayoitazama kila siku. Siku sita kabla yake, Kapteni Lugard, Mwingereza, pamoja na Waprotestanti aliowagawia bunduki walikuwa wamewashinda Wakatoliki pale Mengo. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, mbele ya Munyonyo, akifuatwa na umati wenye wanawake na watoto. Kapteni Williams wa jeshi la Lugard akawaandama. Watu wakajazana mitumbwini, mitumbwi ikapinduka, na wengi waliokwepa risasi wakafa maji.

Kabaka alinusurika. Vitabu vimemfuata hadi Shelisheli alikofia mwaka 1903, na hadi Kasubi alikozikwa upya mwaka 1910. Je, waliozama? Wao tunawataja kwa neno moja tu: Wakatoliki. Na waliouawa upande wa pili ni Waprotestanti, basi. Tumewaacha wafu wetu wakiwa wamevaa sare ya vita iliyowaua.

Lakini kila Mganda aliyekufa pale alikuwa na ukoo kabla hajawa na dini. Ukoo mmoja ulikuwa na watoto wake pande zote mbili, kama ulivyo leo na Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wanaokula msiba mmoja. Ukoo wa Mmamba, ambao mwiko wao ni samaki kamongo, ndio uliotoa Gabunga, mkuu wa mitumbwi ya Kabaka. Nani atasema ukoo huo haukulia Januari ile?

Ghuba yetu ina jina la Mskoti, Roderick Murchison, mtaalamu wa miamba ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Tutazame basi kwao wanavyofanya. Katika uwanja wa Culloden, karibu na Inverness, ambako jeshi la wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart lilivunjwa Aprili 16, 1746, mwenye ardhi aliyeitwa Duncan Forbes alisimamisha mawe mwaka 1881: hili la ukoo wa Fraser, lile la ukoo wa Mackintosh. Lipo pia jiwe la koo mchanganyiko, la wale ambao hakuna aliyeweza tena kusema ni wa nani. Kila Aprili watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Ila walisubiri miaka 135, na mpaka leo wanabishana kama kila jiwe liko mahali pake. Nasi tumechelewa karibu sawa na wao.

Na gharama ya kuchelewa tunaijua hapa Luzira. Mwaka 1929, ardhi ya gereza ilipochimbwa, kilitoka kichwa cha udongo kilichofinyangwa na mababu wa zamani mno. Leo kiko London, katika Makumbusho ya Uingereza, na watoto wetu wanakiona kwenye picha. Tusichokitunza sisi hutunzwa na wengine, kwa masharti yao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, majina. Waulizeni wazee, hasa bibi na shangazi, nani katika nyumba yenu hakurudi kutoka Mengo au Bulingugwe. Andikeni jina, ukoo na kijiji, mpeleke kwa mkuu wa tawi la ukoo wenu. Asiye Mganda naye alete: katika jeshi la Lugard walikuwamo Wasudani na Waswahili, nao wana wajukuu mjini humu.

Pili, wavuvi na wenye mitumbwi. Ninyi mnaijua ghuba kuliko ramani. Semeni yale mliyorithishwa kuhusu sehemu mitumbwi ilikozama.

Tatu, Bataka, wakuu wa koo, wakae na serikali ya Kabaka pale Mengo pamoja na idara ya makumbusho ya serikali kuu, waamue mahali pa mawe. Kila ukoo uwe na jiwe lake bila kutaja dini, na liwepo jiwe moja la wasiojulikana. Mchango wa fedha tutauitisha majina yakishapatikana, si kabla.

Tukutane gati la Port Bell Januari 30 ijayo, saa tatu asubuhi. Padri, mchungaji na shehe waje, ila orodha isomwe na wakuu wa koo. Usije mikono mitupu: njoo na jina.