Uyoga na Makala: Matunda ya Mti Mmoja



Katika majira ya mvua, kando ya barabara itokayo Kasenga kwenda Lubumbashi, vitu viwili huuzwa bega kwa bega: mabeseni ya uyoga na magunia ya makala. Vyote viwili hulisha nyumba zetu. Vyote viwili hutoka katika miti ile ile, lakini kimoja chaweza kukimaliza kingine.

Miti mikubwa ya miombo, kama muputu na mutondo, huota katika udongo usio na rutuba nyingi, wala haijitoshelezi. Chini ya ardhi, nyuzi nyembamba za kuvu huizunguka mizizi yake na kuitafutia maji na fosfori mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Mti nao huilisha kuvu kwa sukari inayotengenezwa na majani yake. Aina nyingi za uyoga tunaouchuma ni tunda la ushirika huo. Miti ikikatwa yote, kuvu hukosa chakula, na wachumaji hurudi na mabeseni matupu.

Uyoga wa kichuguuni nao una mwenzi wake, mchwa. Mchwa huilimia kuvu kwa majani makavu na vipande vya miti. Kuvu huvilainisha viwe chakula cha mchwa. Kichuguu kikibomolewa kwa ajili ya matofali, hata yawe ya kujengea kanisa, ushirika huo huvunjika.

Hatuwahukumu wachomaji makala. Wao hutafuta karo na dawa, na jiji zima hupikia jasho lao. Lakini twasema wazi kwamba anayetwaa siku zote pasipo kurudisha amejitoa katika ushirika wa viumbe, ambao Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha katika Laudato Si' mwaka 2015. Gunia la makala huuzwa mara moja. Uyoga hurudi kila mwaka, mradi mti umesimama.

Tena kisiki cha miombo huchipua, kikiachwa bila kung'olewa na bila kuunguzwa na moto wa kila kiangazi. Kwa hiyo twaomba kila kikundi cha vijana kimwendee paroko na chifu, kiombe sehemu moja ya pori, na kuilinda: miti mikubwa isikatwe, visiki viachwe vichipue, vichuguu visiguswe. Tuanze kiangazi hiki, kabla moto haujawashwa.