Bastola Iitwayo Maria na Ukimya Wetu



Katika jumuiya yetu hapa Marekani kuna mjadala ambao kila unapoguswa, iwe kwenye kikao, harusi au matanga, hugeuka ugomvi. Ni habari ya magemu ya bunduki ambayo vijana wetu hucheza usiku kucha. Tangu tamthilia ya Fallout ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2024, gemu lenye jina hilo limerudi majumbani kwa kishindo, na ugomvi umerudi nalo. Upande mmoja unasema: "Vunjeni hayo mamashine, yanafuga wauaji." Upande wa pili, wengi wao vijana, unajibu: "Ni mchezo tu, wazee mnakuza mambo." Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na sisi wazazi ndio wenye kosa kubwa zaidi. Naomba nieleweke kabla sijapigwa mawe.

Hoja ikiwa pana mno hakuna anayebanwa nayo. Kwa hiyo tuchukue kitu kimoja tu, bastola moja. Inaitwa Maria.

Kwa wale wasioijua, Maria imo katika Fallout: New Vegas, gemu lililotengenezwa na kampuni ya Obsidian na kutolewa mwaka 2010. Kisa chake ni hiki. Mwaka 2077 mataifa makubwa yalipigana kwa mabomu ya nyuklia na dunia ikaangamia. Sasa ni mwaka 2281, katika jangwa la Mojave, Nevada, na mchezaji ni tarishi anayepeleka mzigo. Bwana mmoja wa kasino aitwaye Benny, mwenye suti ya miraba na maneno matamu, anamteka njiani, anampigisha magoti usiku kwenye makaburi ya Goodsprings akiwa amefungwa mikono, anamnyang'anya mzigo na kumpiga risasi ya kichwa.

Aliyotumia ni Maria. Imepakwa nikeli ikang'aa, imechongwa nakshi za mimea, na kwenye mpini wake kuna sura ya Bikira Maria wa Guadalupe, yule ambaye Wakatoliki wa Mexico wanaamini alimtokea Juan Diego mwaka 1531. Mama huyo Wakristo wanamwita Maria na Waislamu wanamwita Mariamu, na sote tunamheshimu. Mchezaji akimfuata Benny hadi kasinoni kwake akamuua, bastola hiyo inakuwa yake.

Umbo lake halikubuniwa tu na wachora katuni. Anayezijua silaha ataona humo Browning Hi-Power, bastola ya risasi 13. John Browning, Mmarekani aliyezaliwa Ogden, Utah, ndiye aliyeianza. Alipofariki mwaka 1926, kazi ikamaliziwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, na ikatoka mwaka 1935. Ndiyo, Ubelgiji ile ile iliyoitawala Kongo hadi 1960 na Rwanda na Burundi hadi 1962. Bastola hiyo imening'inia viunoni mwa maofisa wa majeshi mengi duniani, ya Afrika yakiwamo. Basi mtoto wa watu wa Bukavu au Bujumbura akiishika kwenye skrini huko Ohio, tusiseme hicho ni kitu cha Wazungu kisichotuhusu.

Nianze na wenye kutaka kuvunja mashine. Wanasema gemu linafuga wauaji. Kama ni hivyo, Japani ingekuwa machinjioni, maana wenzetu kule wanacheza magemu toka miaka ya sabini, na bado vifo vya bunduki nchini mwao kwa mwaka ni vichache mno. Jimbo la California lilijaribu kupiga marufuku kuwauzia watoto magemu ya ukatili, na mwezi Juni 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Tena gemu lenyewe limepewa alama ya miaka 17 na kuendelea. Anayemnunulia mtoto wa miaka 11 kisha akapiga kelele kikaoni, amelalamikia moto aliouwasha mwenyewe.

Na tuwatendee haki watunzi. New Vegas si gemu la kufyatua tu. Mchezaji mwenye ulimi mzuri anaweza kulimaliza bila kuua mtu kwa mkono wake, na hata majemadari wa mwisho hurudishwa nyuma kwa maneno. Benny mwenyewe anaweza kuachwa aende zake. Na jambo kubwa zaidi: kabla hujaishika Maria, gemu linakupigisha magoti mbele ya mtutu wake. Ni filamu ngapi za Hollywood zimekuweka upande huo?

Sasa niwageukie vijana wa "ni mchezo tu". Wanangu, mnajua nini kinachofuata baada ya risasi ile? Roboti inamfukua tarishi kaburini. Daktari Mitchell anamtibu. Tarishi anaamka, anajitazama, anachagua sura yake, anachagua ujuzi wake, anatoka nje juani na kuanza safari. Hana kilema wala ulimi mzito, na hakuna mke aliyeacha kazi ili amlishe kwa kijiko. Akipigwa tena njiani, anajidunga sindano iitwayo stimpak na anaendelea kukimbia. Gemu lina hata namna ngumu ya kulicheza, ambayo mchezaji lazima ale, anywe na alale, na risasi anazobeba zina uzito wake. Yaani watunzi wamekumbuka uzito wa risasi mfukoni, lakini uzito wa risasi mwilini hawakuuweka.

Watu wanadhani ubaya wa Maria ni kwamba inaua. Mimi nasema uongo wake ni kwamba haiui. Tena ina jina, ina nakshi, ina sura ya mama mtakatifu, nayo ikichakaa inatengenezwa kwa vipuri vya bastola za kawaida ikarudi kuwa mpya. Waliopigwa nayo hawatengenezeki.

Nje ya skrini hesabu ni nyingine. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, risasi zilizidi ajali za magari na kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 hapa Marekani. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humu, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hawakuuawa na Benny wala na jambazi. Walijiua, mara nyingi kwa bastola iliyokuwa nyumbani, iliyonunuliwa kwa ajili ya usalama.

Na hapo ndipo ninapotaka tuangaliane machoni, wazazi wenzangu. Wangapi kati yetu, wanaoendesha teksi usiku au wenye duka, wamenunua bastola wakaiweka chini ya godoro au kwenye droo ya soksi? Wangapi wanapiga kelele juu ya bastola ya kwenye televisheni huku ya kweli iko hatua kumi kutoka kitanda cha mtoto, na risasi zake ndani? Bastola hiyo haina jina wala nakshi, na ikifyatuka hakuna Daktari Mitchell.

Lakini kosa letu kubwa ni ukimya.

Jarida hili linasomwa na watu waliotoka Kivu. Linasomwa na watu wa Burundi waliokimbia mwaka 1993, na wa Rwanda wanaoukumbuka mwaka 1994 siku kwa siku. Linasomwa na Wazanzibari ambao wazee wao waliona Januari 1964, na Wakenya waliokuwapo miezi ile baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika nchi hii yote huwezi kupata watu wanaojua kuliko sisi bunduki inafanya nini kwa mtu, kwa nyumba, kwa kijiji. Tunajua sauti yake ya mbali na ya karibu. Tunamjua mjomba ambaye mkono haukupona, na shangazi ambaye hadi leo hakai akiupa mlango mgongo. Elimu hiyo tumeifungia kifuani. Mtoto akiuliza kwa nini babu hatoki fataki zinapopigwa tarehe 4 Julai, tunamwambia babu amechoka.

Waswahili walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu wenyewe ndio huo wa mwaka 2281, na mama ni picha kwenye mpini wa bastola. Tumemwachia Benny somo ambalo sisi ndio walimu wake, kisha tunashangaa mtoto amejua kitabu cha Benny.

Najua nitajibiwa: "Tulikuja huku ili watoto wasibebe mizigo yetu. Kwa nini tuwajeruhi kwa hadithi zetu?" Hoja hiyo ina huruma ndani yake na siidharau. Mtoto wa miaka saba asisimuliwe maiti. Lakini kijana wa miaka kumi na saba anayejua majina ya bastola ishirini za kubuni, na hajui kwamba mama yake alitembea siku tisa porini kwa sababu ya bastola moja, huyo hatujamkinga. Tumemwacha ajue nusu ya habari, na nusu yenyewe ni ile yenye kung'aa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi nasema tufanye mambo matatu. Kwanza, mwenye silaha nyumbani aifungie kwenye kisanduku cha chuma, risasi mbali na bastola, ufunguo mbali na watoto. Au aiondoe kabisa. Pili, anayekataza gemu akae kwanza chini alitazame, aanzie pale makaburini Goodsprings, amuulize mwanawe: "Ungekuwa huyo tarishi, na roboti haikuja, nani angetuletea habari?" Tatu, kila mzee aliye tayari amsimulie kijana mmoja kisa kimoja cha kweli, bila kupamba na bila kutisha.

Tukishafanya hayo, anayetaka kuvunja mashine na aje nimsikilize. Kabla ya hapo, kelele zetu juu ya Maria ni njia ya kukwepa kusema yetu wenyewe, na watoto wetu, ambao si wajinga, wanalijua hilo.

Naomba kutoa hoja.